Tulivyoigonga Nguzo ya Baba Mkwe

Mtu aliyewahi kufanya utafiti katika maabara yetu ya vifaa vya ujenzi, pale chuoni, huna haja ya kumwomba cheti. Mkaribishe nyumbani kwako, mpe kiti, kisha geuka umletee maji ya kunywa. Ukirudi utamkuta amekunja kidole cha kati, anagonga ukuta wako, kichwa kimeinama upande kama anayesikiliza ugomvi wa majirani. Usimfukuze, hana ubaya. Ni ugonjwa tulioambukizana wenyewe kwa wenyewe, na mimi ndiye niliyeugua kuliko wote.

Tulikuwa watatu. Kulikuwa na Mrefu, ambaye tulimpenda kwa sababu alifika kwenye rafu za juu bila kupanda kiti. Kulikuwa na Dada, tuliyemwita hivyo ingawa alikuwa mdogo wetu, kwa kuwa ni yeye peke yake aliyesoma maelezo ya mashine kabla ya kubonyeza kitufe. Na mimi. Tulichanganya zege na majivu ya maganda ya mpunga wa bonde la Imbo, ili siku moja Mrundi wa kawaida ajenge nyumba kwa saruji kidogo. Tulikuwa na hakika kabisa kwamba tutaibadilisha nchi. Tulianza kwa kuchoma maganda nyuma ya jengo, na badiliko la kwanza lilikuwa kwamba wenzetu wa idara ya umeme walifunga madirisha yao na hawakuyafungua tena.

Kazi yenyewe ilikuwa hivi. Unamimina zege katika kalibu ya chuma, unapata mchemraba. Unaulaza mchemraba ndani ya maji wiki kadhaa upate nguvu. Unauchungulia kila asubuhi kama mzazi aliyepata mtoto wa kwanza. Halafu unautoa, unaufuta vizuri, unauweka kwenye mashine na kuuponda, ndipo uandike ulikuwa na nguvu kiasi gani. Tulijua kwa uhakika nguvu ya kila kitu tulichokwisha kukivunja. Kuhusu vitu vilivyokuwa bado vimesimama hatukujua lolote, na wala hatukugundua kwamba hatujui.

Mashine hiyo ilikuwa na tabia ya kugoma. Ikigoma tulingoja kipuri kutoka nje, na katika kungoja huko ndipo mchezo wetu ulipozaliwa. Kabla ya mchemraba kuvunjwa, kila mmoja aliugonga kwa kidole na kutabiri nguvu yake. Aliyekosea zaidi alisugua kalibu zote na kuzipaka mafuta. Mimi nilisugua mara chache sana. Wakaanza kuniita Sikio, na jina hilo likanipanda kichwani kama bia ya mchana. Niliamini kwamba Mungu aliyeninyima kimo na sura alikuwa amenilipa fidia kwa masikio.

Leo hakuna hata mmoja wetu anayejenga chochote. Mrefu yuko kwenye kampuni ya simu, anawaeleza watu kwa nini mtandao haupo. Dada anafundisha hesabu kwenye shule moja ya mtaa wa Carama. Mimi nauza vigae na mabomba mtaani Bwiza, ambako hata watoto hucheza kwa Kiswahili, katika duka la mzee mmoja ambaye babu yake alitoka Omani na ambaye yeye mwenyewe hapendi kwenda mbali kuliko Uvira, hapo ng'ambo ya mpaka. Nagonga kila kigae kabla hakijatoka dukani. Kizima kinalia, chenye ufa kinakohoa.

"Wallahi, enjenia," mzee huniambia mbele ya wateja, "serikali ilikusomesha miaka yote ile ndiyo uje kugonga-gonga vigae vyangu?"

Lakini kwa vigae hivyo hivyo nilimpata mke. Alikuja dukani kutafuta vigae vya jikoni, akaniona ninavyovigonga kimoja kimoja, akacheka mpaka akakaa kwenye kreti. Mtu anayekucheka hivyo siku ya kwanza na bado akarudi wiki inayofuata kununua bomba ambalo halihitaji, huyo usimwachie. Alikuwa muuguzi. Alikaa na baba yake mtaa wa Kibenga, karibu na ziwa, katika nyumba ambayo mzee huyo, mtumishi wa serikali aliyestaafu, aliijenga mwenyewe kidogo kidogo, mshahara hadi mshahara. Mama yake alikwisha kufariki kabla sijamfahamu. Ziwa lilipopanda na majirani wengi wakahama, mzee alipanga magunia ya mchanga mlangoni, akavaa buti za mpira na kubaki.

Basi ikafika siku ya gusaba, siku ya kwenda kuomba mchumba. Msemaji wetu alikuwa baba yangu mdogo, mtu ambaye akishika Kirundi cha heshima hata ng'ombe wanasimama kumsikiliza. Kazi ya bwana harusi siku hiyo ni moja tu, kukaa kimya na kuonekana amelelewa vizuri. Mtoto wa miaka sita angeiweza. Mrefu na Dada walikuja kama rafiki zangu, wamevaa vizuri kuliko mimi, wamebeba kreti za bia za posa.

Tuliketishwa barazani. Juu ya baraza kulikuwa na paa la zege, na juu ya paa tangi kubwa la maji. Vyote hivyo vilibebwa na nguzo, na kiti changu kiliwekwa kando ya moja yao. Ilikuwa nguzo nzuri sana. Lipu yake, krepi kama tunavyosema hapa, ilikuwa imepachikwa makombe madogo ya konokono wa ziwani kuanzia chini hadi kifuani pa mtu, yamejipanga kwa mistari iliyopinda pinda.

Upande wao walikuwa bado wanajifanya hawajui tumefuata nini, kama desturi inavyotaka. Msemaji wao alikuwa anauliza kama labda tumepotea njia. Baba yangu mdogo alikuwa anajibu kwa mafumbo ya ng'ombe. Nami kidole changu, bila kuniomba ruhusa, kikajikunja na kuigonga nguzo.

Ikalia tupu.

Nikagonga tena, juu kidogo. Tupu. Nikamtazama Mrefu. Akanyoosha mkono wake mrefu nyuma ya viti vya wazee wawili, akagonga, akakunja uso. Dada alikuwa ng'ambo, kati ya wanawake. Alituona. Akajitia anakwenda kuchukua soda, akapita kwenye nguzo, akaigonga kwa pete yake. Aliporudi alikuwa ameshika soda ambayo hakuinywa.

Nisieleweke vibaya, hofu yangu ilikuwa ya kweli. Maji ya ziwa yalikuwa yamekaa kwenye misingi ya mtaa ule kwa miezi. Maji yakiingia kwenye zege, nondo zinashika kutu, kutu inavimba, zege linabanduka kutoka ndani, na ukiligonga linalia hivyo hivyo. Na chini ya tangi lile alilala mtu niliyempenda.

Msemaji wao alinyamaza katikati ya sentensi. Akaacha Kirundi, akatugeukia kwa Kiswahili cha mjini ili hata sisi watoto wa Bwiza tusikose.

"Wazee, naona wageni wetu wanapiga hodi ku nguzo. Lakini mulango iko wazi. Muingie tu."

Baraza zima likaangua kicheko. Baba wa binti hakucheka. Aliweka glasi yake chini.

"We kijana. Umekuja kuomba mutoto wangu, ao umekuja kuchunguza nyumba?"

Hapo ndipo mtu mwenye akili angesema "kuomba" na kuinamisha kichwa. Baba yangu mdogo alikwisha kunikanyaga mguu. Lakini mdomo uliponza kichwa.

"Mzee, nimekuja kuomba," nikasema. "Lakini hii nguzo iko tupu mu ndani. Na tangi iko pale juu. Mi naogopea watu wanalala humu."

"Apana, apana," baba yangu mdogo akadakia, "hasemi hivyo, mutoto amechoka na njia." Tulikuwa tumetoka Bwiza tu.

"Wacha amalize," akasema mzee. "Iko tupu, eh? Basi leo sijibu. Mutarudia na vyombo vyenu, mupime. Kama nguzo iko mubovu, mutoto ni wako, na asante juu yake. Kama iko muzima, hizi bia zenu mutazirudisha kwenu, na usikanyage tena hapa."

Akasimama akaingia ndani. Wageni wakatawanyika kama watu waliotoka kwenye ibada iliyokatizwa na mvua. Ndani ya gari baba yangu mdogo alishika usukani kwa mikono miwili mpaka tulipofika mjini. Kisha akasema, "Debe tupu haliachi kuvuma. Kumbe debe lenyewe nilibeba mimi mu gari."

Siku zilizofuata zilinionyesha mimi ni mtu wa namna gani. Nilijikuta nikiomba kwa moyo wangu wote kwamba nyumba ya baba mkwe iwe imeoza. Jumapili nilipiga magoti kanisani, na wakati watu wengine wanaomba uzima na amani, mimi nilimwomba Mungu kutu. Kutu kidogo tu, Bwana, kwenye nondo. Mchumba wangu akanipigia simu.

"Sema kweli. Unataka nyumba ya papa ianguke?"

"Apana. Nataka tu ikuwe mubovu."

Akakata simu.

Vyombo hatukuwa navyo, kwa hiyo tulirudi maabara kuazima. Mlango ulikuwa umezuiliwa na jiwe usijifunge. Nilipoinama nikaona si jiwe, ni mchemraba wetu mmoja ambao kwa namna fulani ulinusurika na mashine, na ubavuni bado zilionekana herufi za majina yetu tulizochora kwa msumari zege likiwa bichi. Ndani tulimkuta mtafiti mmoja, msichana mwenye miwani, amejaa vumbi jeusi mpaka kwenye viwiko. Tukamwuliza anafanya utafiti gani.

"Majivu ya mupunga mu beto," akasema kwa fahari, akimaanisha zege. "C'est tout nouveau. Hapa kwetu hakuna mutu ameshafanya hii kitu."

Mrefu alifungua mdomo. Dada akamfinya. Mimi nilichuchumaa mlangoni nikaugonga mchemraba wetu, ukalia vizuri, na sikumbuki mara nyingine niliyowahi kujisikia mzee hivyo. Msichana alituazima nyundo ya kupimia zege, ile yenye springi ndani, ambayo unaikandamiza kwenye nguzo nayo inarudi nyuma na kukuonyesha namba. Akatuuliza kama tunajua kuitumia. Tukacheka, kicheko cha wataalamu.

Tulifika Kibenga Jumamosi asubuhi. Mzee alikuwa amekaa barazani kwenye kiti chake, kofia kichwani, kama hakimu. Binti yake alisimama mlangoni amekunja mikono. Mrefu akaikandamiza nyundo kwenye nguzo, kati ya makombe, akasoma namba. Ilikuwa chini. Akajaribu penginepo, chini tena. Nyuso zetu zilikuwa za msiba, lakini moyoni nilikuwa nacheza ngoma. Nguzo mbovu! Nilianza hata kupanga wapi tutamhamishia mzee kwa muda.

"Ngoja," akasema Dada. "Tunapima krepi. Hatujapima beto bado."

Kila mwanafunzi wa mwaka wa pili analijua hilo. Usipoibandua lipu, huipimi nguzo. Unapima koti la mtu badala ya kifua chake. Tulikuwa tumefundishwa hivyo siku ya kwanza, na sisi wenyewe tuliwahi kuwafundisha wengine. Mimi nilikuwa nimelisahau kwa sababu nilitaka kulisahau.

"Inatosha," nikamnong'oneza Dada. "Namba tumeshapata."

"Hii ni vipimo ao ni ndoa yako?"

"Ni ndoa yangu!"

Dada hakuwahi kujua kusema uongo mbele ya chombo cha kupimia. Akanipa tindo na nyundo ya kawaida. Nikampa mgongo mzee, nikagonga mara moja, polepole. Lipu yote ya upande ule ikashuka kwa mkupuo mmoja, na makombe yake, ikapasukia miguuni pangu.

Ndani yake zege lilikuwa la kijivu, kavu, bila ufa, bila tone la kutu. Nikaligonga kwa kidole. Liliita kama kengele ya shule. Mrefu akaweka nyundo, na Dada akasoma namba kwa sauti, moja baada ya nyingine, kama zamani maabarani, na kila namba ilikuwa nzuri kuliko iliyotangulia. Maganda yetu ya mpunga hayakuwahi kupata namba kama zile. Lipu ndiyo iliyokuwa imeachana na nguzo, basi. Nguzo yenyewe ingebeba hata tangi la pili.

Mzee aliinuka, akatazama vipande vilivyokuwa chini, akaingia ndani na kufunga mlango taratibu. Angepiga kelele ningefurahi.

Mchumba wangu alileta ndoo, akapiga magoti na kuanza kuokota makombe.

"Tuliyapachika mi na mama," akasema. "Nilikuwa mudogo. Hii nguzo inalia vile tangu zamani. Ungeniuliza mi."

Nilikuwa nimeuliza nguzo, nyundo, Mungu na wenzangu wawili wenye digrii. Yeye sikumwuliza. Nilipiga magoti nikaokota naye, na nililia, sitaki kusema ni vumbi. Niliogopa kwamba nimempoteza, na kwamba nimempoteza kwa ujinga ambao watu watausimulia kwenye harusi yake na mtu mwingine.

Wiki iliyofuata nilirudi peke yangu, nimebeba mfuko wa saruji begani na mchanga kwenye baiskeli ya kukodi. Mzee alikuwa amesema nisikanyage, lakini alipotoka na kuniona getini alitazama mfuko, akatazama nguzo, akavuta kiti chake. Hakunikaribisha wala hakunifukuza. Nikachukua hiyo kuwa ruhusa.

Sasa jambo ambalo hawakutufundisha kule maabara ni kupiga lipu. Naweza kukueleza kwa nini lipu inashika. Kuishikisha ni kesi nyingine. Ya kwanza ilikuwa nzito, ikateleza ikaniingia kiatuni. Ya pili nilichota mchanga mchafu, ikakauka na kupasuka kama kisigino cha kiangazi. Mzee alikaa akanitazama Jumamosi baada ya Jumamosi. Siku moja aliita ndani waniletee maji. Siku nyingine alisema, bila kunitazama, "Lowesha nguzo kwanza." Nikailowesha. Ikashika.

Kisha binti yake akatoka na ndoo ya makombe. Nilimwuliza yalikuwa yamekaaje. Nilimwuliza kila moja, sasa nilikuwa hodari wa kuuliza. Alipanga, mimi nikakandamiza, mpaka mistari ile iliyopinda pinda ikarudi, si sawasawa kama mwanzo, kwa sababu mengine yalivunjika na ilibidi tushuke ziwani kutafuta mapya. Tulipomaliza tulirudi nyuma pamoja kuitazama, na kwa mara ya kwanza tangu siku ile aliniegemea.

Ilipokauka, mzee akainuka kwenye kiti chake. Akakunja kidole cha kati, akaanza kuigonga nguzo kutoka juu kushuka chini, kichwa kimeinama upande. Juu ilikuwa nzima. Katikati nzima. Chini, karibu na goti, ikalia tupu.

Nikachukua tindo, nikainama kuibandua nianze upya. Mzee akanishika mkono.

"Acha."

"Mzee, iko tupu hapa. Nimekosea."

"Nasikia. Mi si kiziwi." Akaigonga tena, polepole. "Hata ile yangu ilikuwa tupu. Mi mwenyewe nilipaka, na nilijua siku ile ile. Fundi akasema tubomoe. Mi nikakataa, sababu mutoto alikuwa amemaliza kupanga makombe yake, na mama yake anapiga makofi. Nibomoe namna gani?" Akauachia mkono wangu. "Sasa we ukakuja kuniambia mbele ya watu."

Nikaweka tindo chini.

"Ambia baba yako mudogo arudie na maneno yake," akasema, akarudi kwenye kiti.

Baba yangu mdogo alikubali kurudi kwa sharti moja. Tulipoketi barazani alinipa chupa mbili, moja kila mkono, na kuniambia nisiziweke chini mpaka tutakapopewa binti. Mrefu na Dada waliketishwa mbali na nguzo zote. Mimi kiti changu kilikuwa kando ya nguzo ile ile, sijui ni nani aliyekiweka. Msemaji wao akasimama, akaanza kushangaa kama desturi inavyotaka, akauliza sisi ni akina nani na kama labda tumepotea njia. Mikono yangu ilikuwa imejaa. Kabla baba yangu mdogo hajajibu, baba mkwe aliinama kutoka kwenye kiti chake, akaigonga nguzo chini, karibu na goti, pale patupu, kama anayetupigia hodi, wote wakasikia.

"Muingie," akasema.